Chumba cha Miguu Kisifungwe: Risala ya Wagonjwa wa Sukari wa Makorora

Iliyosomwa mbele ya Mwenyekiti wa Halmashauri ya Dispensari za Hisani, Tanga, 1957

Mgeni rasmi, Bwana Laurenti Mhina, Mwenyekiti wa Halmashauri. Waheshimiwa wajumbe mliofuatana naye. Masheikh na mapadri. Wazee wetu, shikamooni. Mabibi na mabwana.

MAKARIBISHO

Sisi wagonjwa wa sukari wa Makorora, pamoja na wenzetu wa Pongwe waliofika kwa basi la asubuhi, tunakukaribisha kwa furaha kubwa katika chumba hiki kidogo nyuma ya dispensari. Furaha yetu ingekuwa kubwa zaidi kama tusingejua kwamba barua ya kukifunga imekwisha pigwa chapa, nayo iko mezani kwako ikingoja sahihi. Tumeambiwa kwamba uliiweka kando ukasema, "Kwanza nikaone." Kwa neno hilo peke yake tunakushukuru. Wako wengi ambao hutia sahihi kwanza, kuona wakaona baadaye.

Tunakuomba radhi kwa mambo mawili. La kwanza ni harufu ya mafuta ya nazi, ambayo haitoki hata tukifungua madirisha. La pili ni risala yenyewe. Iliandikwa na katibu wetu, lakini wanachama wote walitaka kuisahihisha kwa pamoja, na hilo hatutalirudia.

ASILI YA CHUMBA

Mgeni rasmi, ugonjwa wa sukari ukikaa mwilini miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mwanzo vidole huwaka kama vimepakwa pilipili. Kisha moto ule huzimika wenyewe, na mgonjwa humshukuru Mungu na kuwaambia jirani zake kwamba amepona. Hajapona. Miguu imekufa ganzi. Tangu siku hiyo mwiba ukiingia haupigi hodi, na maji yanayochemka na maji ya mtungini kwake ni mamoja.

Mwenzetu Tadeo, aliyekuwa mkata mkonge, ametupa ruhusa tueleze yaliyompata, maana yeye mwenyewe huyasimulia kila mahali na hucheka kuliko wanaomsikiliza. Jioni moja ya masika alikuwa ameketi jikoni kwake akiota moto. Akasikia harufu nzuri. Akamwita mkewe: "Mama, jirani wanachoma nyama, na sisi tumekalia mhogo mkavu!" Mkewe akaja na taa, akachungulia chini, akapiga ukelele. Nyama iliyokuwa ikichomwa ilikuwa kisigino cha Tadeo, nacho kilikuwa ndani ya makaa.

Mguu ule wa kushoto ulikatwa. Leo anatembelea mguu wa mvule aliochongewa na seremala, nao anausifu kwamba hauna sukari.

Mwaka ule ule akaletwa hapa nesi Dorkasi. Alikuwa ametoka kufanya kazi miaka mingi katika hospitali ya wagonjwa wa ukoma, ambao miguu yao nayo haihisi. Huko alijifunza kwamba jeraha la mguu wa ganzi laweza kupona kama jeraha lolote, ila mwenye mguu hulinyima nafasi, kwa sababu haliumi. Mtu mwenye maumivu huchechemea, huketi, huomba msaada. Sisi tunatembea juu ya jeraha mpaka sokoni na kurudi, tena kwa madaha. Dorkasi akaona kwamba dawa ya wale yaweza kuwa dawa yetu. Akaomba chumba hiki, kilichokuwa cha mifagio, akakisafisha kwa mikono yake.

Siku za kwanza mji mzima ulisema kwamba chumba kile ni cha ukoma. Hakuna aliyethubutu kuonekana mlangoni ila Tadeo. Watu walipomuuliza haoni haya, alijibu, "Haya nilikuwa nayo kwenye ule mguu mwingine."

KAZI INAVYOFANYIKA

Mtu akija mara ya kwanza, Dorkasi humfumbisha macho na kumpitishia pamba unyayoni, naye aseme kila anapoguswa. Wanaume wengi husema "Hapo!" mahali ambapo hakuna kilichowagusa, kwa kutotaka kushindwa. Dorkasi huwaacha waseme mpaka wachoke, kisha huwaambia wafumbue macho, nao huiona pamba imelala mezani.

Baada ya hapo miguu huoshwa kwa maji ya vuguvugu, hufutwa hata katikati ya vidole, na hupakwa mafuta ya nazi. Kucha hukatwa kwa kunyooka, kwani zikifuatishwa pembeni huingia nyamani. Sugu hupunguzwa kidogo kidogo kwa kisu maalumu. Sisi wenyewe tumekatazwa kuzikata kwa wembe, na wanachama waliokuwa na nyembe walizitoa kwa hiari, isipokuwa mmoja aliyepekuliwa kofia.

Lakini jambo kubwa ambalo Dorkasi ametuwekea ni mwenzi. Wengi wetu ni watu wazima. Matumbo yametangulia, macho yamefifia, na unyayo wa mtu mwenyewe umekuwa nchi ya mbali. Kwa hiyo kila mwanachama amepewa mwenzi wa karibu na nyumba yake, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, huyu humtazama yule nyayo, na yule humtazama huyu. Kisha hutia mkono ndani ya kila kiatu na kukikung'uta.

Kwa desturi hiyo Tadeo akapewa Mzee Himyar.

Mgeni rasmi, Mzee Himyar unamfahamu. Mashamba ya minazi ya babu yake yako Pangani mpaka leo, na nyumba yake hapa ina baraza la mawe. Nyumba ya Tadeo iko mkabala. Wazee hawa wawili walikuwa hawajasemezana miaka mingi kwa sababu ya mbuzi wa Tadeo, aliyekula miasumini ya Mzee Himyar hadi shina. Dorkasi alikuwa mgeni hapa mjini na hakuyajua hayo. Aliangalia tu nani anakaa karibu na nani.

Mzee Himyar alipoambiwa alisema, "Mguu wangu haujashikwa na mtu tangu marehemu mama yangu."

"Basi kuanzia leo mama ni Tadeo," akasema Dorkasi, akaendelea kukunja taulo.

Asubuhi ya kwanza Tadeo alivuka njia, akasimama chini ya baraza. "Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Tazama mguu, usinitazame mimi."

Tadeo akauinua mguu, akaugeuza huku na huku. "Mzee, umejaa kiburi huu. Ngozi yenyewe siioni."

Waliendelea hivyo wiki kadhaa, salamu moja na tusi moja kila asubuhi. Kisha ukapotea ufunguo wa kabati la Mzee Himyar. Nyumba ilipinduliwa. Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa na safari ya Pangani. Akaenda, akavuka mto kwa kivuko, akakagua minazi yake, akarudi jioni akiwa amekwisha kata shauri: ufunguo umemezwa na mbuzi wa Tadeo, na mbuzi atachinjwa ili haki ionekane.

Kesho yake asubuhi Tadeo akashika mguu kama kawaida. Akausogeza karibu na macho. "Mzee, ulikuwa ukitafuta ufunguo?"

"Natafuta tangu jana. Na mwizi wangu namjua, ana pembe."

"Basi huyo mwizi ana adabu, maana kakurudishia ndani ya kiatu. Meno ya ufunguo haya hapa, yamejichora unyayoni kama muhuri wa posta."

Kwa haraka ya safari Mzee Himyar hakukung'uta viatu, akaukanyaga ufunguo wa chuma kwenda Pangani na kurudi, na hakuhisi lolote. Ngozi ilikuwa imekaribia kupasuka. Alikichukua kiatu, akakikung'uta, ufunguo ukaanguka barazani. Ndipo akasema maneno ambayo Makorora ilikuwa haijapata kuyasikia kinywani mwake: "Tadeo, mbuzi umpe salamu zangu."

Tangu siku hiyo tukipita njiani kwenda kazini tunawaona. Mzee Himyar, ambaye zamani wakata mkonge walimwamkia kwa mbali, hupiga goti juu ya baraza la mawe, huvaa miwani, na hukitazama kila kidole cha Tadeo. Mzee ameomba sentensi hii ifutwe. Wanachama wengine wote wameomba ibaki.

MAFANIKIO

Tangu chumba hiki kifunguliwe hakuna mwanachama aliyekatwa mguu. Tunaomba uturuhusu tuseme hivyo bila kupamba.

Tadeo alipokuja hapa, mguu wake wa kulia, ambao ndio pekee aliobaki nao, ulikuwa na kidonda chini ya kidole gumba, na kila mtu alijua kidonda kile kinaelekea wapi. Dorkasi alimlaza, akamkataza kuukanyaga, akawa anakiosha kila siku. Kilipofunga alimtengenezea kiatu cha tairi la gari kilichotandikwa blanketi kuukuu ndani, na mahali pa kidonda akapachimba kidogo ili pasibebe uzito. Kiatu hicho hakipendezi. Tadeo amekivaa harusini, kanisani na mbele yako leo.

Elimu nayo imeenea. Tumefundishwa kupima maji kwa kiwiko, kwa kuwa kiwiko bado kina akili. Bi Shamsiya, mwenyekiti wa akina mama, amelishika somo hilo kwa moyo wote. Kwenye arusi ya mpwa wake huko Pangani aliletewa birika la kunawia mikono, akakunja buibui na kuingiza kiwiko katika bakuli. Wakwe wakatazamana. Mmoja akauliza, "Hivi ndivyo wanavyonawa watu wa Makorora?" Bi Shamsiya akajibu, "Ndiyo, na hatujaungua." Tumesikia kwamba sasa huko kuna watu wa nyumba mbili tatu wanaonawa kwa kiwiko na hawajui kwa nini.

MATATIZO

Mgeni rasmi, sasa tunafika kwenye barua iliyo mezani kwako. Tunakuomba utuvumilie, kwa kuwa barua hiyo ina sababu mbili, na zote mbili zimetoka kwetu.

Mapema mwaka huu Halmashauri ilimleta Bwana Mkaguzi. Ni mtu mwadilifu, na tunasema hivyo kwa dhati. Alifungua mlango akakuta wazee wameketi kwenye benchi, miguu ndani ya mabeseni, Tadeo akisimulia habari za kisigino na watu wakicheka.

"Wagonjwa wako wapi?" akauliza.

"Ndio sisi," akajibu Mzee Himyar.

"Mnaumwa nini?"

"Hatuumwi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, bwana. Huo ndio ugonjwa wenyewe."

Bwana Mkaguzi alitazama miguu yetu mmoja mmoja, akaona ngozi nzima. Akaandika kwamba chumba hiki hakina wagonjwa ila watu wanaokuja kuoga miguu na kupiga soga, na kwamba nesi Dorkasi angefaa zaidi katika bohari, kuhesabu mashuka.

Habari hizo zilipotufikia tuliingiwa na hofu. Tukasikia pia kwamba Bwana Mkaguzi atarudi mara moja tu kabla ya kupeleka maoni yake. Siku aliyorudi, Dorkasi alikuwa amekwenda Pongwe kuwaona wasioweza kusafiri. Kama angalikuwapo, yaliyofuata yasingalitokea. Katibu wetu alitushauri tuandike maelezo mazuri. Tukamshukuru, na tukafuata shauri la Bi Shamsiya.

Bi Shamsiya alisema, "Anataka vidonda? Tumpe vidonda." Akatoa shuka kuukuu, akazichana vipande. Tukafungana miguu mpaka magotini. Palipohitaji damu tukatia mate mekundu ya tambuu. Tukafanya mazoezi ya kuchechemea, ambayo kwetu ni magumu kwa sababu hatujui mguu unaouma hukanyagwaje. Mzee Himyar alichechemea mguu wa kulia alipokuwa akienda kumpokea Bwana Mkaguzi, na wa kushoto alipokuwa akirudi naye. Tadeo, ambaye hapendi kuachwa nyuma katika jambo la ushirika, alifunga miguu yote miwili.

Bwana Mkaguzi aliinama mbele yake. "Pole sana, mzee. Hili jeraha la kushoto lina muda gani?"

"Tangu mti wenyewe ulipokatwa, bwana," akasema Tadeo, kabla hajakumbuka.

Hatujui kama Bwana Mkaguzi alilielewa jibu hilo. Alikuwa na huzuni kubwa usoni. Akaandika kwamba hali imekuwa mbaya mno, kwamba watu waliokuwa wazima sasa wote wana vidonda, na kwamba bila shaka ni kwa sababu ya matunzo ya chumba hiki. Kwa hiyo kifungwe.

Hivyo, Mgeni rasmi, mara ya kwanza tulikuwa wazima mno, na mara ya pili tulikuwa wagonjwa mno. Katikati ya hizo mbili ndipo tunapoishi, na hapo Bwana Mkaguzi hajapata kutukuta.

Dorkasi aliporudi jioni alitukuta tungali tumefungwa. Alivuta kigoda, akaanza kutufungua mmoja mmoja, akiosha tambuu kwenye beseni. Alipofika kwa Mzee Himyar akasimamisha mkono. Shuka ilikuwa imekazwa mno, na chini yake, juu ya kifundo, palikuwa na lengelenge kubwa lililopasuka. Mzee hakuwa amehisi.

Hicho ndicho kidonda pekee kilichopatikana katika chumba hiki mwaka huu wote, nacho tulikileta wenyewe kwa kufunga.

Mzee Himyar akamwambia, "Binti yangu, utusamehe." Dorkasi akasema, "Inua mguu, Mzee, nikuoshe." Tukamsikia akipenga kamasi, lakini alikuwa ametupa mgongo. Alimwosha kila siku mpaka pakafunga. Yote haya aliyafanya akijua kwamba bohari inamngoja mwisho wa mwezi.

MAOMBI

Tunaomba barua ile isitiwe sahihi.

Tunaomba Dorkasi abaki nasi. Mashuka ya bohari tunayaheshimu, lakini shuka likipotea laweza kununuliwa jingine. Kama itawezekana, apewe msichana mmoja au wawili awafundishe, maana hata yeye atazeeka, na tunaona haya kumwombea Mungu amfanye asizeeke kwa faida yetu.

Tunaomba lawama ya siku ya shuka isimwangukie yeye, wala Bwana Mkaguzi, ambaye aliandika alichokiona. Alionyeshwa uongo na watu wazima wenye mvi.

Tuliomba pia kioo kirefu cha kuwekwa sakafuni ili mtu ajione nyayo, lakini akina mama wamekiondoa katika maombi, wakisema kwamba kioo kitatazamwa nyuso tu.

Sasa limebaki jambo moja, nalo lilitushughulisha jana alasiri nzima. Tulijiuliza: Mgeni rasmi atakuja kuona nini? Kidonda hatuna. Shuka tumeapa kutozigusa. Katibu wetu akasema kwamba tulicho nacho ni nyayo, basi tukuonyeshe nyayo.

Wazee wakamgeukia kama aliyetukana. Wewe ni mtu wa hapa na unajua: kumnyooshea mgeni nyayo ni utovu wa adabu, pwani kwetu na hata milimani kwa wenzetu. Mtoto akifanya hivyo hupigwa kofi. Mzee Himyar akasimama. "Mimi nimnyooshee mgeni nyayo? Mimi? Nimelelewa mimi!"

Tadeo alikuwa amekaa chini karibu naye. Akasema polepole, "Mzee, ukizionea haya leo, kesho hutakuwa nazo za kuzionea haya."

Hapakuwa na aliyecheka. Mzee Himyar alibaki amesimama, ameshika fimbo yake. Kisha akauliza mstari wa mbele utakuwa wapi, ili aketi hapo.

Kwa hiyo, Mgeni rasmi, tunaomba ruhusa yako tukukosee adabu. Tukimaliza kusoma, wanachama walioketi mkekani watavua viatu na kukunyooshea miguu, wanaume upande huu, na akina mama upande ule nyuma ya pazia pamoja na mkeo uliyefuatana naye. Hutaona kitu cha kutisha. Utaona nyayo za watu wazima zilizopakwa mafuta, ngozi nzima, zimetulia. Utaona mahali palipokuwa na matundu, pamefunga. Tunakusihi upite karibu na uinamie, kwa kuwa kazi ya Dorkasi haionekani kwa mtu aliyesimama.

Wa mwisho kushoto ni Tadeo. Ameomba maneno yake yasomwe kama alivyoyasema, bila katibu kuyanyoosha: "Bwana Mwenyekiti, wangu ni huu mmoja. Utazame vizuri. Ukisha, kalamu unayo mwenyewe."

Tunakuombea safari njema ya kurudi nyumbani. Mwenyezi Mungu akupe wewe na watoto wako miguu yenye uhai. Na kila kokoto litakaloingia kiatuni mwako, akujalie likuume.

Ni sisi,

Umoja wa Wenye Miguu ya Ganzi,
Makorora, Tanga.

Imesomwa kwa niaba yao na Timotheo, Katibu.